Kopo la Mafuta ya Vali

Vali ya kwanza, ya pili na ya nne sina la kusema juu yake. Zilifunguka na kufungika kama zilivyotakiwa. Iliyonitia adabu ni ya tatu, na mpaka leo nikisikia bomba linalia mahali, vidole vyangu vya mkono wa kulia hujikaza vyenyewe, kama vingali vimeshika lile gurudumu lake dogo la chuma.

Nazungumza habari za Likoni, upande wa Timbwani, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa kijana, nimehitimu chuoni kwa maalim wetu, nimeoa, na kazi yangu ilikuwa kutunza maji ya nyumba kubwa ya Mzungu mmoja aliyekuwa na cheo huko bandarini. Mbele ya nyumba ile palikuwa na uwanja wa nyasi uliokwenda mpaka ukingoni mwa mwamba, baharini. Chini ya nyasi yalizikwa mabomba, na juu yake vilichomoza vichwa vya shaba ambavyo ukivifungulia maji vilizunguka vikitema mvua ya duara. Uwanja uligawanywa vipande vinne. Kila kipande kilikuwa na vali yake ndani ya shimo la matofali lenye kifuniko cha mbao.

Watu wengi hudhani vali ni kitu cha nguvu. Si hivyo. Ndani yake mna kijiti cha shaba, na mwisho wa kijiti pamefungwa mpira wa mviringo, mdogo kama kitumbua cha mtoto. Ukizungusha gurudumu, kijiti hushuka na kuukalisha mpira juu ya kitako chake. Mpira ukikaa sawasawa, maji husimama. Chembe moja ya mchanga ikiingia hapo katikati, maji hupita, hata ukikaza mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Maji yetu yalikuwa na mchanga, kwa hiyo kila Alhamisi nilizifungua zote nne, nikapangusa vitako kwa kitambaa, nikazirudisha. Na nilipozifungua kwa kumwagilia nilizungusha polepole, kwa sababu maji yakiachiwa ghafla hupiga bomba kwa ndani na kulegeza maungio. Haya nilifundishwa na bwana wa kwanza, mzee aliyejenga nyumba ile.

Maji yalitoka kisimani kwa mashine, yakapanda kwenye tangi la chuma lililosimama juu ya miguu minne. Na kisima hicho lazima nikieleze, maana ndicho chanzo cha yote. Kilichimbwa na babu yangu, sadaka yake kwa ajili ya watia udhu wa msikiti wetu mdogo uliokuwa hatua chache tu kutoka pale. Kiwanja kilipouzwa na kuzungushiwa ua, kisima kikabaki ndani ya ua. Wazee wakaenda kuzungumza na yule bwana wa kwanza. Akawa muungwana: akatoa bomba jembamba kutoka kwenye tangi lake mpaka kwenye birika la msikiti, akasema maji yatakuja humo siku zote. Hapakuandikwa kitu. Watu walipeana mikono, ikawa imekwisha.

Bwana wa kwanza akarudi kwao, akaja wa pili. Huyu hakujua habari ya kisima wala ya mikono iliyopeanwa. Alijua nyasi. Asubuhi alitoka na kikombe cha chai, akatembea pekupeku juu ya uwanja wake, akiona pamekauka hata pa ukubwa wa sinia aliniita.

Mambo yalianza vali ya tatu ilipokuwa nzito na kulia kila nikiizungusha. Bwana aliisikia kutoka barazani. Akaniletea kopo la mafuta mazito, rangi yake nyekundu ya kufifia, akaniambia, "Wewe natia hii. Kwa mpira, kwa chuma, kila mahali."

Nilipita nalo mlango wa jikoni. Mpishi wa bwana alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu wa pwani kama mimi, mwenye ulimi usiotulia. Mimi nilimwita ami, na yeye aliniita mwanachuoni, kwa kunitania.

"Umebeba nini, mwanachuoni?"

"Mafuta ya vali, ami. Nimepewa na bwana."

Akalifunua, akachungulia, akanusa, akarudi nyuma. "Haya nayajua. Si ndiyo yanayotoka kwenye kikaango changu kila asubuhi? Ni ya yule mnyama wa pua fupi. Wanayapika, wanayatia rangi, wanayatia koponi."

"Wasema kweli?"

"Mimi ndiye ninayemkaangia. Wewe unasoma vitabu, mimi nasoma sufuria."

Nililiweka kopo chini pale pale. Kidole changu kilikuwa kimegusa ukingo wake, kikashika mafuta. Nikaenda bombani nikaosha mkono mara saba, na moja katika hizo kwa mchanga, kama tulivyofundishwa. Mpishi alisimama mlangoni akinitazama tangu mara ya kwanza mpaka ya saba. Hakucheka wala hakusema neno, nami nikaona kunyamaza kwake ni kwa heshima ya dini.

Nikafikiri hivi: tangi ni moja, mabomba yameungana, na maji hayo hayo yanakwenda birikani. Nikitia mafuta yale kwenye vali, nimewanajisia watu wote udhu wao. Kopo nikalificha nyuma ya chumba cha mashine. Kisha nikafanya nilivyomwona marehemu baba yangu akifanya maisha yake yote. Baba alikuwa mkalafati. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za vyombo vya baharini kwa pamba iliyoloweshwa mafuta ya nazi. Nilichukua pamba, nikailowesha, nikaizungushia kijiti cha vali. Kisha nikaupaka na mpira, juu na chini, mafuta ya nazi ya nyumbani yaliyokamuliwa na mke wangu. Sikufanya choyo.

Vali ikawa laini kabisa. Ilizunguka kwa vidole viwili, kimya. Nikamshukuru Mungu, nikamrehemu na baba yangu.

Baada ya siku tatu hivi, nilifika kazini asubuhi, nikagonga tangi kwa kijiwe kama desturi yangu. Tangi lenye maji hutoa sauti nzito, fupi. Siku ile liliita kama sinia, juu mpaka chini. Bwana alikuwa amesimama barazani na taulo begani na sabuni mkononi.

"Maji yangu iko wapi?"

"Sijui, bwana. Jana nililiacha limejaa."

"Mimi najua. Watu ya msikiti nafungua bomba, nakwenda lala, maji namwagika."

"Birika lina kizibo, bwana. Likijaa wanafunga."

"Jumamosi mimi naangalia tena. Kama tangi iko tupu, mimi nakata hii bomba. Kwisha."

Ilikuwa Jumatatu. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja msikitini. Birika lilijaa, kizibo kimekazwa, sakafu kavu. Jioni, baada ya sala ya alasiri, nilipiga kigingi cha mti mdomoni mwa bomba lile, pasipite hata jasho. Asubuhi yake tangi lilikuwa tupu tena. Basi nikajua msikiti hauna kosa, na maji yanavuja ndani ya ua ule ule, mahali nilipowekwa mimi niyalinde.

Haikuwa kazi kupata pa kuanzia. Kipande cha tatu cha uwanja kilikuwa chepechepe, mguu ukizama unasikia maji, na vichwa vyake vya shaba vilikuwa vinadondoka tone baada ya tone na hali vali imefungwa. Matone yale ukiyatazama si kitu. Lakini vichwa vilikuwa tisa, na usiku ni mrefu.

Nikaifungua vali. Mpira niliouweka mgumu, wenye kingo kali, ulikuwa umevimba na kulegea kama andazi lililotiwa chai. Nikaupigia kidole, ukabaki na alama. Nilidhani umezeeka. Nikakata mwingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori, nikaupima, nikausugua kingo kwa jiwe, nikaupaka mafuta ya nazi vizuri, nikaukaza. Jumatano asubuhi palikuwa pakavu. Nikajiambia, alhamdulillahi, yamekwisha. Alhamisi vichwa vilikuwa vinadondoka.

Sijui nieleze vipi hasira ya mtu aliyefunzwa subira. Sikupiga kelele, sikutukana. Nilikaa kwenye ukingo wa lile shimo, jua likinichoma kisogo, nikakata mpira wa pili. Nikaona labda mafuta hayakutosha, nikaongeza. Nikakata wa tatu, nikauacha ukae kwenye kikombe cha mafuta usiku kucha, upate kulainika na kukaa sawasawa. Huo ndio uliovuja kuliko yote. Kila ulipovuja niliongeza mafuta, na kila nilipoongeza mafuta ulivuja zaidi, na akili yangu yote niliyoisifu chuoni haikuniambia niviweke vitu hivyo viwili pamoja.

Ijumaa, baada ya sala, watu walipokwisha kutoka, nilimwendea maalim. Alikuwa amekaa karibu na birika akirekebisha mpini wa kata, ile ya kifuu tuliyotekea maji.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba. Keti kitako. Uso wako leo si wako."

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiendelea kufunga kamba ya kata yake. Nilipofika kwenye habari ya kopo, aliinua macho.

"Nani aliyekwambia ni nguruwe?"

"Mpishi."

"Mpishi amesoma maandishi ya kopo?"

"Hajui kusoma Kizungu, maalim."

"Na wewe?"

"Najua herufi."

"Ukasoma?"

"Sikutaka kulishika tena."

Akaikaza kamba ya kata. "Hiyo vali ya tatu, maji yake yanakwenda wapi?"

"Kwenye nyasi."

"Yanarudi tangini?"

Hayarudi. Maji yakishapita kwenye vali yamekwenda, hayarudi juu. Miaka yote hiyo niliyashika mabomba yale kwa mikono yangu, na sikuwahi kuyafuata kwa akili kutoka tangini mpaka mwisho wake.

"Sikulaumu kwa kuchelea," maalim akasema. "Lakini umemhukumu mtu na mali yake kwa maneno ya jikoni. Nenda kamwulize mwenye kopo. Kuuliza si haramu."

Jumamosi nilifika mapema, kopo mkononi. Nilichelewa vilevile. Bwana alikuwa ameshaligonga tangi mwenyewe, na fundi wa mabomba aliyemwita kutoka mjini alikuwa amepiga magoti kwenye ukuta wa ua, spana mkononi, akifungua lile bomba jembamba la msikiti. Lilitoka maji kidogo, kama kikombe kimoja, likakauka. Fundi akalifunga kwa kizibo cha chuma.

Nikamwambia bwana, "Haya mafuta, ni ya nguruwe?"

Alinitazama kama nimemwuliza kama bahari ni ya maziwa. "Nguruwe? Hapana. Hii natoka kwa mti. Ile dawa ya tumbo. Mtoto nakunywa, nakwenda choo mbio."

Fundi akacheka mpaka spana ikamponyoka. "Mafuta ya mbarika hayo, ndugu yangu. Ndiyo yasiyodhuru mpira. Mafuta mengine yote huulevya."

Mbarika. Nyuma ya birika letu, pale maji ya udhu yanapotiririkia, palikuwa na mibarika mirefu kuliko mimi. Niliipita mara tano kwa siku.

Nikakata mpira mpya siku ile ile. Nikaitoa pamba ya mafuta ya nazi, nikaosha kitako kwa sabuni, nikapaka mafuta ya kopo kidogo tu. Vali ikafunga. Jumapili asubuhi nikagonga tangi. Likajibu kwa sauti nzito toka juu. Haikuvuja tena.

Hapo ndipo taabu yangu ya kweli ilipoanza. Nilimwendea bwana, nikamwambia kosa lilikuwa la vali, nimeshaitengeneza, naomba bomba la msikiti lirudishwe.

"Jana mimi nakata bomba," akasema. "Leo maji iko. Basi nani nakula maji?"

Siku moja, tena saa moja, yeye alikata bomba na mimi nikaponya vali. Kwa kuharakisha kutengeneza nilikuwa nimeufuta ushahidi wangu wote. Nikarudi kumwomba wiki iliyofuata, akasema baadaye. Nikarudi tena, akasema bado. Na msikitini wazee wakawa wanateka maji ya chumvi kutoka kisima cha mbali, wanayabeba kwa madebe, na kila debe lilipopita mbele yangu hakuna aliyenisema. Afadhali wangenisema.

Mpishi alinijia siku moja nikiwa chumba cha mashine. Alisimama akifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Ilikuwa mzaha," akasema.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilitaka kukwambia. Lakini ulipofika mara ya nne ya kuosha, nikaona haya. Nikasema, acha amalize." Kisha akasogea karibu. "Sikiliza. Urudishe ule mpira mbovu kimya kimya. Tangi likauke, bomba la msikiti limefungwa. Bwana ataona mwenyewe kwamba hakuwa na haki. Nani atajua?"

Sitasema sikulitamani shauri lile. Nilikuwa nimeuweka mpira wa tatu, ule uliolala kikombeni, juu ya dirisha. Niliutazama siku mbili nzima. Lakini maji yale yalikuwa amana mikononi mwangu, na sikutaka watu watie udhu kwa maji niliyoyarudisha kwa hila. Na kumwonyesha bwana waziwazi kulikuwa na bei yake: mtu akionyesha jinsi vali ilivyoharibika, ameonyesha na aliyeiharibu. Nyumbani mke wangu alikuwa mja mzito. Nikamweleza. Aliendelea kupepeta mchele wake, kisha akasema, "Kisima ni cha babu yako. Kazi ni ya Mzungu."

Asubuhi nilimwita bwana mpaka shimoni. Nikamwonyesha mpira mbovu, nikamwambia nimeuharibu mimi kwa mafuta yasiyofaa, kwa kuwa niliyaogopa yale aliyonipa. Nikamwambia nitaurudisha mbele ya macho yake, na yeye aikaze vali kwa mkono wake mwenyewe, halafu kesho tutazame tangi. Bomba la msikiti limefungwa kwa chuma, haliwezi kusingiziwa. Sijui kwa nini alikubali. Labda ilikuwa siku ya kukosa la kufanya. Alipiga magoti, akakaza gurudumu mpaka uso ukawa mwekundu.

Kesho yake nilimpa kijiwe agonge mwenyewe. Tangi likaita kama sinia. Akagonga chini zaidi, likaita vilevile. Akaenda kwenye kipande cha tatu, akasimama pekupeku, maji yakampanda baina ya vidole.

"Iko wewe," akasema.

"Ndiyo, bwana. Ni mimi."

Fundi aliitwa siku ile ile akaliunga bomba la msikiti. Na mimi niliambiwa nimalize wiki, kisha nisirudi. Siwezi kusema alinidhulumu. Nilirudisha mpira mzuri, nikazipangusa vali zote nne Alhamisi ya mwisho, nikaliacha kopo juu ya meza ya chumba cha mashine, mahali pa kuonekana. Mwezi mzima baadaye nilibeba magunia sokoni mjini, mgongo ukiniuma, nikimdai Mungu maelezo kuliko nilivyomshukuru. Najuta kwa hilo.

Siku moja nilikuwa birikani natia udhu wa alasiri, maji matamu ya babu yangu yakiingia kwa mlio wake mdogo, nikasikia ng'ambo ya ua vali ya tatu inalia. Sauti yake singeikosea. Nikaenda kwenye ua nikachungulia. Mtu mpya wa maji alikuwa amejikunja shimoni, mtu mzima kuliko mimi, aliyetoka Magogoni na kuvuka kila siku kwa feri. Kando yake palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi.

"Salaam aleikum. Kopo la mafuta mekundu liko wapi, ndugu yangu?"

"Aleikum salaam. Lile nimelitupa nyuma huko. Kuna mtu alikuwa kazini hapa kabla yangu, mcha Mungu sana, hata kuligusa alikataa. Ni nguruwe lile. Kila mtu hapa anajua."

Nilishika ule ua kwa mikono miwili. Mzaha wa mpishi ulikuwa umeenea mtaa mzima, na jina langu ndilo lililoubeba. Nikamwambia aliyekataa ni mimi. Nikamweleza mbarika. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyepoteza kazi na imani kwa pamoja.

"Nipe hilo kopo," nikasema.

Akalitafuta, akalishika kwa jani la mgomba, akanipa juu ya ua. Nikachota kwa vidole vitatu, nikajipaka mikono yote miwili mpaka viwiko, naye anatazama, na wazee wawili waliokuwa birikani wanatazama. Kisha nikamrudishia kopo juu ya ua, nikarudi birikani. Nikajisugua kwa sabuni mara moja, maana maji hayashiki ngozi yenye mafuta, nikachukua kata, nikatia udhu kama siku zote, bila mchanga, bila kuhesabu saba. Maalim alikuwa amesimama mlangoni. Alisogea kidogo, akanipa nafasi karibu yake katika safu ya kwanza, tukasali.

Tulipotoa salamu, vali ilikuwa imenyamaza.